Mteja anangoja sola ya kupaka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi sola hapa Tanga. Kuna mteja kaahirisha kununua paneli, anasema kasikia inakuja sola ya plastiki na zinki, unaipaka ukutani kama rangi. Ipo kweli, au ananikwepa tu?

JIBU: Marahaba, fundi. Ipo, ila bado haijatoka maabara.

Hiyo zinki si bati la paa. Ni oksidi ya zinki, unga mweupe uleule wa kwenye dawa ya kuwapaka watoto upele wa nepi. Wataalamu huiotesha juu ya kioo ikawa vijiti vyembamba mno, vimesimama kama majani ya mpunga, kisha wakavimwagia polima, yaani plastiki, inayopitisha umeme. Ndiyo, zipo plastiki zinazopitisha umeme. Wanasayansi Heeger, MacDiarmid na Shirakawa walipewa Nobeli ya Kemia mwaka 2000 kwa kazi hiyo.

Ugumu uko hapa. Mwanga ukiipiga polima huzaa jozi ya chaji, hasi na chanya, zimeshikana. Jozi hiyo hutembea kama nanometa 10 tu (nanometa ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ikafa. Isipowahi kufika inapogusana polima na oksidi, ambapo hasi huchukuliwa na kijiti na chanya hubaki kwenye polima, hupati kitu. Ndiyo sababu ya vijiti: popote jozi inapozaliwa, oksidi iwe jirani.

Polima yenyewe ni mwali wa kudekezwa. Niliwahi kufanya kazi na ile iitwayo P3HT. Ukiiyeyusha ni rangi ya chungwa; ikikauka kwenye kioo inageuka zambarau, inapendeza kweli. Kioo kimoja nikakisahau dirishani. Nilipokikumbuka, zambarau ilikuwa imepauka kama kanga iliyosahauliwa kambani. Jua na hewa vilikuwa vimeila.

Sasa umpigie mteja hesabu. Mwaka 2009 watafiti wa Eindhoven, Uholanzi, walichanganya oksidi ya zinki na P3HT wakapata asilimia 2 ya nguvu ya jua. Paneli nzuri za silikoni unazofunga wewe zinafika 20. Kwa umeme wa paneli yako moja, yeye atahitaji eneo mara kumi, tena alifunike hewa isipenye.

Akiendelea kungoja, mkatie bei ya paneli moja ndogo na taa tatu. Huenda bei ya kwanza ndiyo iliyomshtua.