Kabla hujajaza ubavu wa basi

Wewe unayeanza kazi ya matangazo ya vyombo vya usafiri, mapema tu utakabidhiwa vipimo vya ubavu wa gari uambiwe ujaze. Usijaze kwanza. Lipande gari hilo, ukae nalo mpaka mwisho wa njia.

Mimi sikulipanda. Kazi yangu ya kwanza, hapa Dar es Salaam, ilikuwa kubandika stika za sabuni kwenye daladala, nami nikaufunika mstari wa rangi unaomjulisha abiria gari linakwenda wapi. Kesho yake konda akapiga simu: watu wanaliacha gari kituoni, na yeye sauti imemkauka kwa kuita. Usiku ule ule tukazibandua. Mteja alikasirika, na alikuwa na haki.

Baadaye nikakuta kwamba London walishapitia hayo zamani. Mabasi yao ya kukokotwa na farasi yalibeba matangazo tangu karne ya 19, na treni ya chini ya ardhi, iliyoanza 1863, nayo ikafuata. Kuta za vituo zilijaa mabango hata abiria akichungulia dirishani alipata tabu kulitambua jina la kituo katikati ya majina ya bidhaa. Fikiria mgeni wa mji aliyepitishwa kituo chake kwa sababu hiyo.

Aliyeleta utaratibu ni Frank Pick. Alisomea sheria, hakuwa mchoraji. Alijiunga na kampuni ya treni hizo mwaka 1906, na 1908 akapewa jukumu la matangazo. Hakuyafukuza, maana yanaingiza fedha. Aliyatengea mahali pake, na jina la kituo likapata pake: utepe wa buluu juu ya duara jekundu, lionekane hata kwa aliye ndani ya treni. Nembo ya usafiri wa London unayoiona leo imetokana na duara hilo. Mimi naiheshimu kazi hiyo kuliko bango lolote la kuuza bidhaa.

Pick alijua pia kwamba treni hujaa asubuhi na jioni, mchana na Jumapili viti hubaki vitupu. Akawaagiza wasanii wachore bustani, mito na vijiji vya pembezoni, mahali ambapo mtu angependa kwenda siku ya mapumziko. Kwa hiyo muulize mwenye gari viti vyake huwa vitupu saa ngapi. Wengi hatuulizi.

Kuhusu maneno: tangazo la nje husomwa gari likipita, hivyo maneno manne au matano yanatosha. La ndani lina msomaji aliyekwama kwenye foleni, huyo mwandikie kwa kirefu.

Mchoro ukikamilika, upeleke kituoni kabla ya kuupeleka kwa mteja. Muonyeshe konda. Akisita kukuambia gari hilo ni la njia gani, rudi mezani ukaanze upya.