Mwanangu, gawa matuta

Magomeni, Mtwara

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, na leo nimeurudia baada ya swala ya alfajiri. Umesema manispaa ya Lindi imekukabidhi kitalu cha miche, una vibarua tisa, karibu wote wamekuzidi umri, na wawili ni wa rika la babu yako. Halafu ukaniuliza: mama, watu waliozoea kitalu kabla sijazaliwa nitawaongozaje, wasione nawadharau na wasinipande kichwani? Simu hainitoshi kwa swali hilo, ndiyo maana nakuandikia.

La shikamoo nalimaliza haraka kwa sababu unalijua. Ukifika asubuhi waamkie wewe kwanza, mmoja mmoja, na yule mlinzi anayemaliza zamu pia. Cheti cha chuo cha misitu cha Olmotonyi hakikuondolei shikamoo. Mtu mzima akiamkiwa vizuri, hata ukimwambia tuta lake lina magugu atakusikiliza.

Sasa jambo lenyewe. Usigawe kazi, gawa matuta. Vitalu vingi vinaendeshwa hivi: wawili wanachekecha udongo, watatu wanajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya miche, mmoja anashika mpira wa maji, waliobaki wanapalilia, na kesho wanabadilishana. Kwa macho kazi inakwenda. Lakini mche ukinyauka, hauna mwenyewe. Aliyejaza atasema alijaza, wa maji atasema alimwagilia, na wewe utabaki unasuluhisha ugomvi badala ya kutafuta ugonjwa. Mpe kila mtu matuta yake, tangu kusia mbegu mpaka siku miche inapopakiwa kwenye gari. Viriba avijaze mwenyewe. Kiriba kilichojazwa legelege kinajikunja kiunoni, maji hayashuki, na mzizi ukifika hapo unapinda. Atakayekimwagilia kwa miezi mitano hawezi kukijaza ovyo. Kuchekecha udongo, kubeba samadi na kuezeka makuti ya kivuli, hizo ni za wote, na wewe uwemo. Shika koleo, mwanangu, usishike daftari tu.

Ila tuta likitolewa pamoja na vitisho, afadhali usiligawe. Hili nililiona kwa macho yangu nilipokuwa kibarua, kabla hawajanipa usimamizi. Msimamizi wetu wa wakati huo alikuwa anamkata mtu malipo ya siku akikuta miche imekufa tutani kwake. Tuta la jirani yangu lilikuwa la mijohoro. Siku moja kabla ya ukaguzi nikamwona anavunja vitawi vibichi vya mjohoro, anavichomeka kwenye viriba ambavyo miche yake imekufa, anashindilia udongo kwa kidole gumba, kisha anamwagia maji kidogo ili ukae vizuri. Msimamizi akapita akihesabu vichwa vya kijani, akaandika idadi kamili. Siku ya tatu vile vitawi vikainama vyote.

Na chanzo yule mama alikuwa anakijua! Tuta lake lilikuwa la mwisho, bomba halikufika, akawa anachota kisima kifupi cha upande wa baharini. Kiangazi kilivyozidi, maji ya kile kisima yakaingia chumvi. Majani yalianza kukauka kwenye kingo, ukavu ukawa unaingia ndani taratibu, na juu ya udongo wa viriba kukawa na utando mweupe. Aliyaona hayo mapema kuliko sisi wote. Angesema, tungeacha kile kisima siku hiyohiyo. Alinyamaza kwa sababu kusema kulikuwa na gharama, na bomba lilipokatika tukaanza wote kuchota palepale. Miche mingi ya mwaka ule ilikwenda na maji.

Kwa hiyo malipo ya mtu usiyaguse kwa ajili ya mche uliokufa. Chagua siku moja ya wiki, tembea na kila mmoja tutani kwake, akuhesabie mwenyewe vifo vyake. Mwulize, "Wewe unaonaje, imekuwaje?" Halafu nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Yule mzee unayesema hajui kusoma, ndiye atakayekuonyesha mchwa wanapopandia. Andika anachosema mbele yake, na kesho yake ulifanyie kazi, hata kama ni dogo. Mvivu utamjua tu, maana udongo wake utakuwa mkavu hadi chini ya kiriba wakati wa wenzake una unyevu. Huyo mwite pembeni, chini ya mwembe, mseme mkiwa wawili tu. Mtu mzima wa huku pwani ukimfokea mbele ya watu, umempoteza hata akiendelea kuja kazini.

Kuna la korosho, na hili usilisahau kwa sababu Olmotonyi ni Arusha, kule hawana msimu huu. Mwezi wa kumi korosho zikianza kudondoka, watu wako watapungua. Usiwakasirikie. Mkorosho ndiyo fedha yao ya mwaka mzima, ada na bati vinatoka humo, na kibarua chako hakiwezi kushindana nao. Waulize sasa hivi nani ana shamba na liko wapi. Kisha panga kazi nzito ziwe nyuma: viriba vijazwe kati ya mwezi wa tano na wa saba, mbegu nyingi ziwe zimesiwa kufikia wa nane. Ukifika wa kumi ubaki na kumwagilia, kukata mizizi iliyotoboa kiriba na kupunguza makuti ili miche izoee jua. Hizo hata watu watano wanaziweza, tena kwa zamu.

Mbegu za mwarobaini usizilimbikize, zikikaa miezi michache nyingi haziamki. Na uwiano wa udongo wa kitabuni uupime kwa mkono, maana udongo wetu wa pwani tayari una mchanga wa kutosha.

Mpingo nauwekea maneno yake. Unakua polepole mno, hata kuvunwa tu kunasubiri miaka 70 hadi 100. Kitaluni wenzake wanakimbia, wenyewe uko palepale, na vibarua wanaukwepa kwa sababu tuta lake halimpendezeshi mtu mbele ya wageni. Mpe mtu mtulivu, mpe kwa heshima, umwambie mbele ya wenzake kwamba umemchagua kwa sababu unamwamini. Vinyago vya Wamakonde vinatoka kwenye mti huo, na wachongaji wanazidi kuufuata mbali. Wewe uko Lindi, mkoa wa mpingo. Kitalu cha manispaa kisichokuwa na tuta la mpingo hapo kingenihuzunisha.

Sasa ofisini. Kila halmashauri imewekewa lengo la miti 1,500,000 kwa mwaka, na lengo hilo litakushukia wewe. Utapigiwa simu kwamba kuna mgeni wiki hii, toa miche. Kama mvua haijakolea, au miche haijazoea jua, kataa kwa adabu na kwa maandishi. Unajua mvua zetu zinavyoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, halafu mara nyingi kati ya Januari na Februari zinakatika siku kadhaa. Mche uliotoka kivulini juzi hauvuki hapo. Watu wako watakuwa wanasikiliza utakavyojibu simu ile, kwa sababu miche hiyo ni yao. Ukiwatetea hapo, hutauliza tena kama wanakudharau.

La mwisho ni lile ulilolitaja kwa mstari mmoja tu, kwamba malipo yao ya mwezi wa sita hayajatoka. Mwanangu, hilo ndilo la kwanza. Mkono mtupu haulambwi. Usiwaambie "yanashughulikiwa" kama hujui yako meza ya nani. Peleka mahudhurio kabla mwezi haujaisha, andika dokezo, bakia na nakala yenye muhuri, kisha nenda mwenyewe kwa mhasibu ukaulize limekwama wapi. Ukirudi, waambie wote kwa pamoja ulichokikuta, hata kama ni kibaya, na uwaambie siku utakayokwenda tena.

Jumatatu nenda huko kabla ya kupita kitaluni, halafu nipigie jioni unieleze wamesemaje.

Mama yako