Koki mpya inavuja na duka linakuzungusha

Pole sana ndugu. Koki ya juzi tu inavuja, halafu muuzaji anakwambia fundi wako ndiye kaiharibu! Yalinikuta, najua inavyouma. Usiing'oe wala kuilegeza, ukifanya hivyo umewapa pa kukukamatia. Ikaushe kwa kitambaa, fungulia maji, piga video ya karibu. Tone likitokea kwenye ufa wa chuma, huenda kosa ni la kiwandani. Likitokea kwenye maungio aliyofunga fundi, hapo watabisha, na pengine wana haki. Risiti ipige picha leo hii, maana zile karatasi za mashine hufifia. Yangu ilibaki nyeupe kabisa kabla hawajanibadilishia. Na wa kaunta achana naye, mwone meneja, akupe jibu kwa maandishi.