Anzeni mwanzo kabisa, msirukie kwenye jeneza

Salamu mhariri na wasomaji wenzangu. Swali lenu la wiki hii mmeuliza ni tamthilia gani ya zamani unaitazama siku hizi na ambaye hajawahi kuiona aanzie wapi. Mi jibu langu ni Dark Shadows ya Marekani, ile iliyokuwa inarushwa mchana na televisheni ya ABC kuanzia Juni 1966 mpaka Aprili 1971, na hicho kipande cha aanzie wapi ndo kimenifanya niandike kirefu hivi maana naona watu wengi wanaelekezwa vibaya.

Shida inaanzia kwenye DVD zenyewe. Kampuni ya MPI ilipoanza kuitoa haikuanza na episodi ya kwanza, ilianza na ya 210, pale jamaa mmoja anaitwa Willie Loomis anaingia usiku kwenye kaburi la ukoo wa Collins kutafuta vito, anakuta jeneza limefungwa minyororo, anaikata, anafungua, na mkono unatoka ndani unamkaba koo. Boksi hilo ndo likaandikwa namba 1. Zile episodi 209 za nyuma yake zikaja kutolewa baadaye kwa jina tofauti, The Beginning, maboksi sita, sasa mtu akienda maktaba au akinunua mtandaoni akiona namba 1 anajua ndo mwanzo, kwanini asijue? Na mashabiki wa siku nyingi nao wanakazia hapohapo, wanakwambia za nyuma hazina kitu, wewe anza na Barnabas Collins, yule mnyonya damu, maana tamthilia ilikuwa inakufa ndo yeye akaja kuiokoa. Hilo la kuiokoa ni kweli, mwigizaji wake Jonathan Frid aliajiriwa kwa wiki chache tu na mpango ulikuwa Barnabas auawe, watu wakampenda hadi akabaki mpaka mwisho. Lakini hilo la kuanza naye mi nakataa.

Niko Ohio, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na bibi mmoja ninayekaa naye ni katika wale watoto wa 1968 waliokuwa wakitoka shule wanakimbia kuwahi televisheni saa kumi jioni. Maktaba ya hapa inaazima maboksi yote bure. Yeye kama watoto wengi wa enzi zile alianza kuangalia baada ya Barnabas kushatokea, kwahiyo hizo 209 hajawahi kuziona maishani, tukakubaliana tuanze nazo. Na ilivyofika ile sehemu ya mwaka 1795, ambayo yeye aliiona utotoni na anaikumbuka vizuri tu, alikuwa analia sehemu ambazo anasema zamani hazikumgusa hata kidogo. Na mi nadhani najua kwanini.

Episodi ya kwanza Victoria Winters yuko kwenye treni usiku anaenda Collinsport, kamji ka wavuvi huko Maine. Ni yatima, kalelewa kituoni New York, wazazi wake hawajui, na ameitwa kumfundisha mtoto kwenye jumba la Collinwood ambalo mama mwenye nyumba, Elizabeth, hajatoka nje ya eneo lake kwa miaka 18. Elizabeth huyo ni Joan Bennett, staa wa Hollywood wa miaka ya thelathini na arobaini, anasimama tu pale chini ya ngazi na wewe unaamini kabisa kwamba nyumba ni yake na siri ni yake. Mtoto anayefundishwa ni David, mtoto wa kaka yake Elizabeth, na David anamchukia kila mtu, anachezea breki za gari la baba yake ili baba afe, na tamthilia inakaa kwenye jambo hilo wiki na wiki, nani kafanya, nani kaona, nani anamlinda nani. Hakuna mnyonya damu hapo. Kuna nyumba imejaa watu wanaoogopana.

Na mizimu inaingia polepole. Kuna Nyumba ya Zamani porini, imeachwa, ukutani kuna picha ya mwanamke aliyekufa zamani anaitwa Josette, na episodi ya 70 anatoka kwenye ile picha, anatoka nje, anazunguka kati ya zile nguzo na nguo yake nyeupe, basi, ndo mara ya kwanza. Baadaye mlinzi wa shamba Matthew Morgan, ambaye ana damu ya mtu mikononi, anamfungia Victoria kwenye nyumba hiyohiyo na anamjia na shoka, na Josette ndo anatokea kumwokoa, yule mwanaume anakufa kwa hofu tu. Halafu anakuja mama yake David, Laura, mwanamke anayekufa kwa moto na kurudi tena, na anataka kuondoka na mwanae kwa moto huohuo, banda linawaka, mama anamwita mtoto na Victoria anamwita mtoto, na David anakimbilia kwa Victoria. Yule mtoto aliyekuwa hataki hata kumwona! Mtu akikwambia hapo hamna kitu mi sijui anatafuta nini.

Sasa ona kinachotokea ukishapita huko. Novemba 1967 wanakaa mezani kuita mizimu, taa zinazimika, Victoria anatoweka kwenye kiti chake na anajikuta mwaka 1795 mbele ya Nyumba ya Zamani ikiwa mpya. Anayemkaribisha ni Barnabas kabla hajalaaniwa, kijana mpole wa familia, anangoja mchumba wake kutoka kisiwa cha Martinique huko Karibea, na mchumba mwenyewe akishuka kwenye gari la farasi ni Josette. Aliyeanzia kwenye lile jeneza hapo anaona bibi harusi mzuri. Ila aliyeanza mwanzo anaona mtu aliyemwokoa Victoria asiuawe kwa shoka, yuko hai, anacheka, hajui kitu, na Victoria anajua kabisa kwamba huyu binti atajirusha kwenye jabali la Widows' Hill maana ameshaisikia hadithi hiyo na ana kitabu cha historia ya ukoo mkononi. Na mtumishi wa ukoo huo, Ben Stokes, ana sura ya Matthew Morgan kwasababu mwigizaji ni mmoja, Thayer David. Karibu kila aliyekula nae chakula Collinwood anamkuta huku ana jina lingine, na hawezi kumwambia yeyote. Kile kitabu chenyewe kinakuja kutumika mahakamani kumshtaki kwamba yeye ndo mchawi, na mchungaji Trask anamkamia hadi kwenye kitanzi.

Mchawi wa kweli ni Angelique, aliyekuja na msafara wa kina Josette kama mjakazi. Alishakuwa na Barnabas huko Martinique, yeye akajua ni mapenzi, mwenzie kumbe alikuwa anapita. Anachofanya wasomaji wenzangu wa Tanga na Bagamoyo hamtahitaji maelezo, ni limbwata, ila hamwekei Barnabas mwenyewe, anamfanya Josette ampende Jeremiah, na Jeremiah ni baba mdogo wa Barnabas! Wanatoroka wanaoana. Barnabas na baba yake mdogo wanakwenda kupigana kwa bastola na baba mdogo anakufa. Halafu Angelique anambana Barnabas kwa ugonjwa wa mdogo wake wa kike, Sarah, anachoma kidoli pini mtoto anajikunja kwa maumivu kitandani, anamwambia ukinioa anapona, na anamuoa. Barnabas akija kuujua ukweli anampiga risasi, na Angelique pale chini anadhani anakufa ndo anamlaani, kwamba kila atakayempenda atakufa, na hapo ndo Barnabas anakuwa mnyonya damu. Na laana inatembea kwa mpangilio, Sarah anamwona kaka yake ana damu mdomoni anakimbia nje kwenye baridi na baridi ndo inamuua, Josette jabalini, mama yake Barnabas, Naomi, anakunywa sumu.

Anabaki baba, Joshua, mzee mkali asiyekuwa na neno zuri kwa mtu, na Louis Edmonds anavyomwigiza huyo mzee mi sijaona mfano. Barnabas anamwomba baba amuue. Baba hawezi. Anaagiza jeneza lifungwe minyororo, watu waambiwe Barnabas amesafiri kwenda Uingereza. Basi mnakumbuka Willie Loomis na ile minyororo? Ni hiyo. Na Barnabas akitokea mlangoni Collinwood mwaka 1967 anajitambulisha kama binamu kutoka Uingereza, yani uongo aliotunga baba yake kuficha aibu ndo huohuo mwana anaingilia nao ndani. Hayo yote walikuwa wameshatuambia jinsi yataisha kabla hayajaanza, kwamba Josette atakufa, Sarah atakufa, na bado kila siku unakaa unaomba pengine leo mtu atawahi. Kujua mwisho kunaumiza zaidi kuliko kutokujua. Na hilo linataka muda, ilichukua karibu miezi mitano hewani, nusu saa nusu saa, ukiifupisha iwe muvi ya saa mbili hauwezi kulipata hata robo.

Sitawaficha, kuna sehemu waandishi waligongana wenyewe, episodi za mwanzo zinataja Josette na Jeremiah kama watu wa miaka ya 1830 halafu ghafla ni 1795. Na kuna jambo moja linaniuma kwelikweli, ile siri ya wazazi wa Victoria ambayo ndo ilifungua tamthilia nzima haikuja kujibiwa kwenye skrini. Dalili zote zinaonyesha Elizabeth ndo mama yake, wanaangaliana kama mama na mwana, halafu mwaka 1968 mwigizaji Alexandra Moltke akawa mjamzito akaondoka, wakaweka wengine wawili kwa muda mfupi, na Victoria akatolewa. Basi. Hapo waandishi walimkosea huyu dada, na walitukosea na sisi.

Pia nataka watu wajue bahati iliyopo kwamba tunaweza kuiona. Enzi hizo kanda za video zilikuwa ghali, stesheni zilikuwa zinafuta za jana zinarekodi juu yake, ndo maana tamthilia kubwa za mchana kama Guiding Light na As the World Turns sehemu kubwa ya miaka yao ya mwanzo imepotea na hairudi. Dark Shadows ina episodi 1,225 na iliyopotea ni moja tu, ya 1219, na kwenye DVD wameijaza kwa sauti iliyorekodiwa nyumbani na picha za mgando. Chache zingine za kipindi cha rangi zinakuja bila rangi kwasababu nakala iliyobaki ni ya filamu ya nyeusi na nyeupe, msishtuke mkadhani deki imeharibika.

Na walikuwa wanarekodi mfululizo kama laivu, kukata na kurudia ilikuwa gharama, kwahiyo utaona maiki inashuka juu ya kichwa cha mtu, ukuta unatikisika mlango ukifungwa, mtu anasahau maneno. Wengi wanaangalia ili wacheke hizo. Mi nawaomba msiangalie hivyo. Frid alikuwa mtu wa jukwaani, Mkanada wa Hamilton, alisomea London na Yale, na kukariri karatasi mpya kila siku kulimtesa, unaona kabisa macho yanatafuta neno, lakini Barnabas ni mtu aliyefungiwa ndani ya boksi zaidi ya miaka 170 anajaribu kuongea na watu asiowajua bila kujulikana yeye ni nani, ile hofu inamkaa sawasawa. Frid angekuwa ametulia asingekuwa yule Barnabas.

Kwahiyo jibu langu kwa anayeuliza, omba maktaba The Beginning, boksi la kwanza, ndo uje kwenye namba 1. Kila episodi inarudia kidogo mwisho wa ile ya jana, usiruke, mara nyingi wameigiza upya na kuna kitu kimebadilika usoni kwa mtu.

Sisi sasa hivi tuko kwenye sehemu ya mwaka 1897, ile iliyoanza kurushwa mwaka 1969 na Quentin, kijana wa ukoo huohuo wa Collins. Grayson Hall, mwigizaji ambaye kwenye sehemu zingine ni Daktari Julia Hoffman, huku ni Magda, na Quentin amemuua mdogo wake Magda anayeitwa Jenny, aliyekuwa mke wake. Magda anamlaani Quentin na uzao wake wa kiume awe anageuka mbwamwitu mwezi ukiwa mpevu, na akishamaliza ndo anakuja kuambiwa Jenny alizaa mapacha na Quentin, mmoja wa kiume. Laana ameiweka kwa mtoto wa mdogo wake mwenyewe. Bibi anasema Magda angejua mapema angenyamaza, mi nasema angelaani vilevile maana alikuwa hata hajamzika mdogo wake. Aliyeshafika hapo aniandikie humu yeye anaonaje.