Dodoso limetafsiriwa vizuri, mbona halioni shida za watu?

Swali: Shirika letu linapima sonona kwa dodoso la PHQ-9. Tafsiri imehakikiwa, lakini alama zinatoka chini huku wakazi wakisema wengi wameelemewa. Hatutaki kuendeleza ukoloni wa kitaaluma. Turekebishe tafsiri au tuliache dodoso?

Jibu: Tafsiri msiiguse kwanza. PHQ-9 ina vipengele 9 vinavyofuata vigezo vya mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 ndiyo mpaka unaotumiwa sana kusema mtu huenda ana sonona. Wakazi wameletewa orodha iliyotungwa bila wao, na wanachoweza ni kuikubali au kuikataa. Lisilokuwemo hawana pa kulisemea.

Anzeni na watu 25 hadi 35, wa jinsia na rika zote, wasiopatikana kupitia viongozi pekee. Mwulizeni kila mmoja faraghani: "Watu wa hapa wanasumbuliwa na shida gani?" Andikeni maneno yake yale yale, mkiongeza "na nyingine?" mpaka aishiwe. Msitaje sonona wala afya ya akili. Mkizitaja, mtarudishiwa hizo hizo. Kisha kikao cha wakazi kichague shida ya kushughulikia. Wakichagua madeni au migogoro ya ardhi, hiyo ndiyo kazi. Kama ufadhili wenu hauruhusu, waambieni kabla ya kikao, si baada yake.

Hatua ya pili ni kuwahoji watu 10 hadi 15 wanaoijua shida hiyo: mwenye nayo anatambulikaje, kazi gani zinamshinda, hupata nafuu kwa njia gani? Rudini kwa kila mmoja mara ya pili, kwa sababu siku ya kwanza wengi hujibu wanachodhani mgeni anataka kusikia. Yanayojirudia ndiyo vipengele vya dodoso jipya. Zimbabwe inalo la namna hiyo tangu miaka ya 1990: maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita, likiwemo la kuwaza kupita kiasi. Ndilo linalotumiwa na Friendship Bench, mpango wa ushauri wa afya ya akili nchini humo, ambao washauri wake wengi ni akina bibi wa mtaani.

Mpaka wa 10 msiuhamishie kwenye dodoso jipya. Tafuteni wenu kwa kulinganisha alama na tathmini ya watu wanaowajua wahojiwa, kwa ridhaa ya wahojiwa wenyewe. Swali la kujidhuru libaki hata kama halikutajwa na yeyote. Ni jambo linalofichwa, na kuliondoa kwa jina la kuheshimu jamii ni hatari. Liwe na mtu wa kumpokea siku hiyo hiyo atakayejibu ndiyo.

Hayo yote hayatoshi kama data inaondoka na gari lenu. Mataifa asilia ya Kanada yalikwishaweka kanuni nne mwaka 1998: umiliki, udhibiti, ufikiaji na uhifadhi wa data uwe mikononi mwao. Kabla ya mahojiano ya kwanza, andikianeni nani atatunza fomu ghafi, nani anaweza kuzuia chapisho, na wakazi watapewa siku ngapi kusoma rasimu. Rasimu iwe katika lugha wanayoisoma. Matokeo yajadiliwe kwanza na wanawake na vijana, kila kundi peke yake, ndipo mkutano wa wote uitishwe; mkianza na mkutano wa wote, wazee wachache watasema na wengine wataitikia.