Maswali ya Wasomaji: Kwa Baiskeli Kati ya Vilima na Lavenda za Provence

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mwenye umri wa miaka 52, mkazi wa Iringa, na kila Jumamosi huendesha baiskeli ya mbio pamoja na wenzangu wawili. Mlima wa Kitonga naupanda, ingawa hufika juu nikiwa nimesimama kwenye pedali huku malori yakinifukizia moshi. Binti yangu anasoma Marseille, katika eneo la Provence, kusini mwa Ufaransa, naye amenialika nimtembelee Julai mwakani. Natamani kuyaona mashamba ya lavenda, yale maua ya zambarau yenye harufu nzuri, na vile vijiji vilivyokaa juu ya vilima, na Mungu akinijalia, nipande mlima wa Mont Ventoux. Baiskeli yangu ina meno 39 mbele na 25 nyuma. Je, nitaweza? Na niende wiki gani?
Mwalimu, Iringa

JIBU: Mwalimu, mtu anayeipanda Kitonga kwa gia hizo hana sababu ya kuiogopa Ventoux, lakini gia zenyewe zibadilishe kabla hujafunga mizigo. Kwa meno 39 mbele na 25 nyuma, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika baiskeli huenda karibu kilomita 12 kwa saa, na kuushikilia mwendo huo kwa saa nzima penye mwinuko wa asilimia 9 ni kazi ya vijana wanaolipwa mshahara kwa ajili hiyo. Ukiwa na meno 34 mbele na 34 nyuma, mizunguko ileile 60 itakupeleka kilomita saba na nusu kwa saa, nawe ukiwa umekaa kitini na pumzi yako unayo. Mwulize fundi wako mambo mawili: kama krenki yako, yaani ile mikono inayobeba pedali, inapokea duara la meno 34, kwa sababu nyingi zilizotengenezwa kwa meno 39 hazilipokei na hubidi zibadilishwe nzima, na kama kibadilisha gia cha nyuma kina mkono mrefu wa kutosha, kwa kuwa vile vya zamani hushindwa na duara kubwa namna hiyo. Mnyororo nao huenda ukahitaji kurefushwa.

Ventoux ina urefu wa zaidi ya mita 1,900 na hupandwa kwa barabara tatu za lami. Ile ya Bédoin, ambayo ndiyo mashuhuri, ina kilomita 21 na wastani wa mwinuko wa asilimia 7.5, lakini wastani huo unadanganya, kwa sababu mwanzo wake ni mwepesi na deni lote hulipwa msituni, ambako kwa kilomita kama tisa mwinuko hukaa kwenye asilimia 9 hivi bila mahali pa kupumzikia. Ile ya Malaucène si rahisi zaidi. Mimi ningekushauri upande kutoka Sault: ni kilomita 26, ndefu kuliko zote, lakini Sault yenyewe iko juu tayari, kiasi cha mita 760, na kilomita za mwanzo hupita katikati ya mashamba yaleyale ya lavenda uliyoyafuata. Barabara hiyo huungana na ile ya Bédoin mahali paitwapo Chalet Reynard, zikiwa zimebaki kilomita sita kufika kileleni.

Hapo ndipo miti inapoisha. Kinachobaki ni mawe meupe ya chokaa, ambayo kwa mbali utayadhani theluji. Msitu wa huko ulikatwa kwa karne nyingi, na sehemu ya mbao zake iliunda merikebu huko Toulon. Pasipo miti hapana kinga ya upepo. Tarehe 14 Julai 2016 mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalimalizikia Chalet Reynard badala ya kileleni kwa sababu ya upepo, na siku hiyohiyo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, baada ya ajali iliyohusisha pikipiki, alionekana akikimbia kwa miguu bila baiskeli. Miaka mitatu kabla, tarehe kama hiyo, alikuwa ameshinda kilele hichohicho akiwa amevaa jezi ya manjano, ile ya anayeongoza mashindano. Jua nalo si la kudharauliwa. Chini kidogo ya kilele utaona jiwe la kumbukumbu ya Tom Simpson, Mwingereza aliyefariki pale tarehe 13 Julai 1967 katika joto kali, akiwa ametumia dawa za kusisimua mwili. Waendeshaji huacha chupa za maji miguuni pa jiwe hilo. Wewe anza saa kumi na mbili asubuhi, beba chupa mbili, na uweke koti jepesi mfukoni, kwa maana jasho la kupandia ndilo litakalokugandisha wakati wa kushuka.

Sasa nikuambie jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi: kitakachokuchosha si Ventoux, ni vijiji. Gordes, Bonnieux, Lacoste na Ménerbes vilijengwa juu kwa ajili ya ulinzi, ili adui aonekane mapema na ardhi tambarare ibaki ya kulima, na aliyevijenga hakumfikiria mwendesha baiskeli. Kila kimoja kina kipande cha kilomita moja au mbili kinachosimama ghafla, na ukivipitia vinne kwa siku miguu itakuwa imekwisha wakati bado unaiona safari kuwa ndogo. Kwa hiyo usipange chumba cha kulala juu kilimani, hata mandhari yakikuvutia namna gani. Lala bondeni, ili siku yako iishe kwa mteremko. Maji utayapata kwenye chemchemi za vijijini, isipokuwa pale palipoandikwa “Eau non potable”, maana yake hayafai kunywa. Chakula kinunue mapema, kwa sababu maduka mengi madogo hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana au zaidi.

Kuhusu wiki, uwanda wa Valensole uko chini zaidi, huchanua mapema, na kufikia katikati ya Julai mashine za kuvuna huwa zimeshaingia shambani. Sault huchelewa. Ukifika wiki ya pili au ya tatu ya Julai, fanya Sault kuwa kambi yako. Ukiwa na siku ya ziada, ishuke barabara ya korongo la Nesque hadi Villes-sur-Auzon na urudi kwa njia hiyohiyo. Mwinuko wake ni mpole, magari ni machache, na binafsi naipenda kuliko Ventoux yenyewe.

La mwisho ni la usalama. Huko huendeshwa upande wa kulia. Utasema unalijua, nami nililijua, lakini asubuhi yangu ya pili, nikitoka kunywa kahawa kijijini kwenye barabara tupu, nilishika kushoto kwa mazoea na nikazinduliwa na gari la mkate lililokuja mbele yangu kwenye kona. Hatari haiko penye magari mengi, ambako utawafuata wenzako, bali pale unapoanza upya ukiwa peke yako. Sheria ya Ufaransa inamtaka dereva akuachie mita moja na nusu anapokupita nje ya mji, na wengi huitii.

SWALI: Mwaka jana mimi na mume wangu tulipita Provence kwa baiskeli. Mashamba ya chini yalikuwa na vichaka vikubwa vya mviringo, ya juu vidogo na vya rangi iliyokolea. Je, zote ni lavenda?
Mpemba aishiye Lyon

JIBU: Dada, jicho lako ni zuri. Vile vikubwa ni lavandini, chotara wa lavenda halisi na lavenda ya majani mapana. Haizai mbegu, hupandwa kwa vipandikizi, hutoa mafuta mengi zaidi, na mengi yake huishia kwenye sabuni. Lavenda halisi hupenda miinuko, hasa juu ya mita 800, na mafuta yake ndiyo ya bei. Siku nyingine shuka kwenye baiskeli uchume bua moja: likiwa na suke moja fupi ni lavenda halisi, likiwa refu, lenye visuke viwili vidogo ubavuni, ni lavandini. Mafuta ya zote mbili hutolewa kwa mvuke, kama yanavyotolewa ya makonyo ya karafuu kwenu Pemba, kwa hiyo ile harufu nzito mliyokutana nayo barabarani mlipokuwa mkipanda huenda haikutoka shambani bali kiwandani. Na unapochuma, tazama nyuki kwanza.