Sumu ya nyuki: uponyaji au kupona?

Swali: Natafsiri makala ya afya. Niliandika: "Sumu ya nyuki huchochea seli za shina na hivyo huleta uponyaji wa vidonda." Mhariri amekata "seli za shina" na "uponyaji" bila kueleza. Nimekosea wapi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Mhariri ana haki, ingawa angefanya uungwana kukueleza.

Uponyaji unatokana na kuponya, na kuponya kunataka mponyaji: tabibu, mganga, dawa, Mungu. Kidonda kinapokauka na ngozi kuota upya, hicho kinapona. Kinachochunguzwa maabara ni hilo la pili, kwa hiyo andika "kupona kwa vidonda". Usikimbilie "huponya" pia. Hata "hutibu" ina unyenyekevu zaidi, maana mtu anaweza kutibiwa mwaka mzima asipone.

Kuhusu seli, zile changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine (stem cells kwa Kiingereza), sema "seli shina", nomino mbili zikiandamana kama katika mbwa mwitu: seli shina hii, seli shina hizi, seli shina za uboho. "Seli za shina" zitamfanya mwalimu wa biolojia afikirie mti. Wengine husema "seli mama", lakini jina hilo tayari linatumika kwa seli inayogawanyika kuzaa nyingine.

Mimi ningekata zaidi ya mhariri wako. Kiambishi hu- ni cha mambo ya kawaida, yasiyo na mjadala: jua huchomoza mashariki, nyuki huuma. Ukiandika "sumu huchochea seli shina" umemwahidi msomaji kwamba ndivyo ilivyo siku zote. Sivyo. Karibu nusu ya uzito wa sumu kavu ya nyuki ni melitini, mnyororo mfupi wa asidi amino 26 ambao kazi yake ni kutoboa utando wa seli. Kipimo kikizidi, seli shina hazichochewi, zinakufa. Kwa vipimo vidogo yapo majaribio yaliyoonyesha dalili njema, na panya wenye kisukari waliopewa sumu hiyo vidonda vyao vilifunga haraka zaidi. Hiyo ni habari ya kufurahisha, lakini ni ya panya. Binadamu mwenye mzio anaweza kufa kwa kuumwa na nyuki mmoja tu, na msomaji wako huenda ana mzinga nyuma ya nyumba na mguu wenye donda ndugu. Kwa hiyo hu- ikupishe, "imeonekana" ichukue nafasi yake.

Limebaki "hivyo". Neno hilo linadai kwamba vidonda vilipona kwa sababu seli shina zilichochewa, dai kubwa kuliko ushahidi. Lifute, kisha tenganisha sentensi: "Katika majaribio kwa panya wenye kisukari, sumu ya nyuki imeonekana kuharakisha kupona kwa vidonda. Athari yake kwa seli shina hutegemea kipimo." Hapo pa mwisho hu- nimeiacha kwa makusudi.